Bi Kazija Katika Karantini ya Kompyuta

Nikutegee, mjukuu wangu, wala usikimbilie kunipa mji. Leo mji nitautoa mimi, tena nchi nzima. Nyumba yangu ina mlinzi mmoja mwenye magwanda na macho makali. Muuza mchicha akipita, humpekua mpaka kwenye mikunjo ya kanga. Bwana mkubwa akipita, humpigia saluti na kumshikia mzigo. Nyumba imeibiwa. Mwizi kapita wapi?

Umeguna. Basi umeshajua, na ungeweza kunyanyuka sasa hivi ukaenda zako kuteka maji. Lakini katika nchi ninayotaka kukusimulia walikuwako wasomi wengi, wenye miwani na vyeti vya ukutani, walioketi vikao miezi na miezi na hawakujua. Kwa hiyo kaa kidogo, tuwape na wao nafasi.

Jina la nchi yenyewe silitaji. Si kwa woga. Kulitaja kunahitaji kibali, kibali huchapwa na kompyuta kuu ya serikali, na kompyuta kuu ndiyo iliyougua.

Ugonjwa ulianzia hospitali. Mtu mmoja mwenye kikohozi alipewa karatasi ya dawa, alipoifikisha dirishani ikasomeka: "Ndugu wananchi, tumetoka mbali." Mtoa dawa akaisoma yote, kurasa nne, akapiga makofi kidogo, akampa vidonge vyeupe. Wiki ile ile ratiba ya treni ikasomeka: "Ndugu wananchi, tumetoka mbali," na abiria wakakaa stesheni siku mbili wakiamini kwamba wameshafika. Vyeti vya ndoa, ripoti za shule, hata onyo la simba aliyetoroka, vyote vikageuka hotuba ile ile moja ya Mheshimiwa Waziri wa Tahadhari, aliyoitoa siku ya kufungua choo cha soko.

Miezi mitatu ikapita, na hakuna aliyelalamika. Watu wa nchi ile walishazoea kuuliza swali na kujibiwa hotuba, hivyo hawakuona kilichobadilika.

Aliyegundua ni Mheshimiwa mwenyewe. Aliletewa barua ya safari yake ya ng'ambo, akaifungua, akakuta hotuba yake. Akaisoma, machozi yakamtoka kwa uzuri wake, na alipomaliza kujifuta ndege ilikuwa imeondoka. Hapo ndipo ikatangazwa kwamba taifa limeingiliwa.

Wakanunua Mlinzi. Mlinzi hakuwa mtu. Alikuwa programu ya kuzuia virusi vya kompyuta, amekuja ndani ya boksi dogo, na boksi likapokelewa uwanjani kwa ngoma na gwaride. Wakamwita na Fundi Shekue, mtu mfupi mwenye bisibisi mfukoni na haya usoni, aje amweleze Mheshimiwa kitu kilichonunuliwa.

"Mheshimiwa," akasema Fundi, "kirusi ni programu kama programu nyingine, ila kimeandikwa kwa nia mbaya. Hujibanza ndani ya faili au kwenye flashi. Ukilifungua faili lile, nacho kinaamka, kinajinakili, kinaingia kwenye mafaili mengine. Sasa, Mlinzi anayo orodha ya alama za virusi vinavyojulikana. Kila faili analitazama, analilinganisha na orodha. Alama ikifanana, amekamata."

"Na kirusi kigeni, ambacho orodhani hakimo?"

"Hicho anakitazama mwenendo, Mheshimiwa. Akiona kitu kile kile kimejirudia ndani ya mafaili ya watu wengi, anashuku. Hakifuti. Faili analitenga karantini, lisiguse wenzake, halafu anakuuliza wewe mwenye kompyuta: unaliamini, au huliamini? Yeye hukisia tu, na pengine hukosea. Jibu ni la mwenyewe. Na ile orodha lazima isasishwe kila siku, maana virusi vipya huzaliwa kila siku."

"Kila siku ni mara nyingi mno," akasema Mheshimiwa. "Tutasasisha mara moja kwa mwaka, siku ya sherehe, ili wananchi wapate kushuhudia."

Watu wakashangilia. Mheshimiwa akainama, akauliza kwa sauti ya chini: "Na mafaili yangu mimi?"

"Yatatazamwa kama mengine, Mheshimiwa."

Uwanja ukanyamaza, hata ngoma zikaona haya. Katibu wa Mheshimiwa akamshika Fundi begani. "Ndugu yangu, una maana mashine ije impekue Mheshimiwa?"

Basi ikatengenezwa orodha ya pili, iliyopambwa kwa maua pembeni, ikaitwa Orodha ya Wasiotazamwa. Mheshimiwa akawekwa wa kwanza, na kila chake: mafaili yake, picha zake, na flashi yake, aliyoivaa shingoni kwa utepe wa rangi za taifa. Flashi hiyo ilichomekwa kwenye kompyuta kuu kila asubuhi, hotuba ya choo ikafunguliwa, wafanyakazi wote wakasimama wakaisikiliza, ndipo kazi zikaanza.

Umeguna tena. Nyamaza, tusije tukaitwa sisi.

Mlinzi alifanya kazi siku tatu bila kula wala kulala, kwa kuwa hana mdomo wala kitanda. Siku ya nne akatoa majina ya mafaili arobaini na moja aliyoyatenga. La kwanza lilikuwa la Kazija binti Makame.

Huyu Bi Kazija alikuwa mkunga wa mtaa wa Kisima Kirefu, nyuma ya ukuta wa wizara. Mama mfupi, mwenye viganja vipana na sauti ya kuita watu toka mtaa wa pili. Katika nchi ile mtoto hakuhesabika amezaliwa mpaka faili lake liandikwe jina la shahidi aliyemwona akitoka. Kwa miaka thelathini shahidi alikuwa mmoja. Mafaili mia tatu na kumi na mawili yalibeba mstari ule ule: "Shahidi: Kazija binti Makame, mkunga, alama ya dole gumba."

Mlinzi akauona mstari. Kitu kimoja, kimejinakili ndani ya mafaili ya watu mia tatu na kumi na wawili! Akafanya alivyofundishwa. Mashine siilaumu.

Ila watu wa nchi ile walijua karantini ya aina moja tu, ile ya mbuzi na ya wagonjwa wa kipindupindu. Tena walikuwa na sheria yao ya zamani: mtu hufuata faili lake. Faili likipandishwa cheo, mtu amepanda. Faili likipotea, hata mke wa mtu huyo humpisha mlangoni kama mgeni. Kwa hiyo faili likiwa karantini, mwenyewe atabaki nje kwa hoja gani?

Koplo Machano alimkuta Bi Kazija uani, anatwanga pilipili manga na mdalasini wa uji wa mzazi. Mwanawe wa pekee, Shani, alikuwa na mimba ya miezi saba, ya kwanza. Mume wake dereva wa lori alikwama mpakani na kibali kilichosomeka "Ndugu wananchi." Na huko kwao binti huzaa mikononi mwa mama yake. Mama ndiye amkande kwa maji ya moto, amfunge tumbo, amnyweshe uji, na kwa siku arobaini asimwache anyanyue hata upawa.

"Bi Kazija," akasema Koplo, amesimama mbali, "unahitajika karantini."

"Naumwa nini, mwanangu?"

"Huumwi. Faili lako ndilo linaloumwa."

"Basi lilazeni hilo faili."

"Limeshalazwa, bibi. Linakungoja wewe."

Bi Kazija akaweka mchi chini. "Wewe Machano, si mimi niliyekutoa kwa mama yako ukija kwa miguu kama anayeshuka ngazi? Leo hata mkono hunipi?"

"Ndiyo maana sikupi, bibi. Mstari wako ninao. Wamesema huenda nimeshaambukizwa."

Shani alitoka mlangoni, mkono kiunoni. Mama yake akamwambia, "Uji usiache kuukoroga. Naenda na kurudi." Akajifunga kanga, akaenda.

Waliwekwa katika ghala la zamani la pamba, ndani ya ukuta wa wizara, watu arobaini na mmoja, kila mmoja na mkeka wake na namba ya faili kifuani. Jirani yake mkekani alikuwa Maalim Ubwa, mwalimu mstaafu, ambaye faili lake lilishukiwa kwa unene. Maalim aliandika malalamiko kila Jumatatu kwa miaka kumi na tisa, na kila lalamiko likahifadhiwa kwa uangalifu mkubwa bila kusomwa.

Ghala lilikuwa na dirisha moja, la nondo. Na unajua dirisha lile lilitazama wapi? Uani kwa Bi Kazija. Ukuta wa wizara, kichochoro, halafu uani. Angeweza kuhesabu kuku wake. Alimwona Shani akiinama kufua na tumbo lile, akawa anasema peke yake, "Usiiname hivyo, chuchumaa. Chuchumaa, mwanangu." Kupaza sauti kulikatazwa, kwa kuwa haikujulikana kama maambukizi husafiri kwa sauti. Kupunga mkono kulikatazwa, kwa kuwa haikujulikana kabisa. Kwa hiyo akasimama dirishani asubuhi mpaka magharibi, ameshika nondo mbili, kama mtu aliyemo ndani ya picha.

"Bibi," Maalim alimwambia siku moja ili amwondoe pale, "nasikia wewe hodari wa vitendawili. Nitegee."

"Nyumba ina watu ndani, na watu nje. Ufunguo kila mmoja wa walio nje anao mfukoni. Mlango haufunguki."

Maalim akafikiri mpaka chakula cha mchana. "Nimeshindwa. Chukua mji wangu."

"Mji wako ninaufanyia nini, Maalim, na mimi nimefungiwa humu? Ni ofisi, baba. Ni ofisi."

Maalim akacheka mpaka akakohoa, halafu akaacha kucheka.

Kila Alhamisi, saa nne asubuhi, Bi Kazija aliruhusiwa kuzungumza na binti yake kwa simu ya Mkurugenzi wa Majibu. Bwana Ngwali bin Ameir ndiye aliyekuwa na cheo hicho. Alikuwa mtu mpole, ananukia sabuni, na katika miaka ishirini na tisa ya utumishi hakuwahi kusema ndiyo wala hapana. Wenzake waliosema ndiyo walifukuzwa, waliosema hapana walifungwa, yeye akapanda. Hata siku ya ndoa yake, shehe alipomuuliza kama amekubali, alisema suala limepokelewa. Akaulizwa mara ya tatu, akasema linafanyiwa kazi. Shehe akachoka, akaomba dua.

Simu yenyewe aliishika yeye, kwa kuwa mtu wa karantini hakuruhusiwa kuigusa. Aliifungulia sauti, akainyoosha mbele kama mtu anayemlisha ng'ombe mkali.

"Mama, unakuja lini?" Shani akauliza.

"Mkurugenzi huyu hapa, mwanangu. Ngoja nimuulize. Baba, ninatoka lini?"

"Swali zuri," akasema Bwana Ngwali. "Wewe mwenyewe unaonaje?"

Alhamisi ya pili Shani akauliza lile lile, naye Mkurugenzi akasema hilo ni swali zuri zaidi ya lile la kwanza. Alhamisi ya tatu Shani hakuuliza juu ya tarehe. Alisema miguu imevimba, na mtoto amekaa upande. Bi Kazija akamwambia alalie ubavu wa kushoto, na Bi Mosi jirani awe analala pale. Simu ikakatwa, maana dakika tatu zilikuwa zimetimia.

Kwenye chumba cha kompyuta, swali la Mlinzi juu ya faili la Bi Kazija lilikuwa bado liko kwenye skrini, limekaa wiki nzima, wiki mbili, wiki tatu: JE, UNALIAMINI FAILI HILI? Chini yake vitufe viwili, NDIYO na HAPANA. Ikaundwa Kamati ya Kubonyeza, watu saba, mwenyekiti Bwana Ngwali.

"Fundi," akauliza mjumbe mmoja, "tukibonyeza Hapana?"

"Mstari utafutwa, na kila faili lililoubeba litafutwa nao."

"Yapi hayo?"

Fundi akaanza kuyasoma. Alipofika la hamsini na saba akasita, maana lilikuwa la Ngwali bin Ameir. La mia na nne lilikuwa la mjumbe aliyeuliza. Katika wajumbe saba, watano walizaliwa Kisima Kirefu.

"Yaani tukibonyeza Hapana," akasema mjumbe, jasho linamtoka, "mimi sikuzaliwa?"

"Kwa serikali, hukuzaliwa."

"Na kikao hiki atakuwa amekiendesha nani?"

"Na Ndiyo?" wakauliza wengine upesi.

Fundi akawaonyesha ukutani, kwa kuwa Ndiyo ilikuwa na kanuni yake, imebandikwa pale: Atakayebonyeza Ndiyo amemdhamini mshukiwa kwa mwili wake, mshukiwa atatoka, na mdhamini ataingia karantini mahali pake mpaka itakapobainika vinginevyo. Nani wa kubainisha, karatasi haikusema.

Bwana Ngwali akakohoa. "Je, hakuna kitufe cha tatu?"

"Hakuna, bwana."

"Je, kimetafutwa?"

Kikatafutwa. Wiki nne kamati ilitafuta kitufe cha tatu. Walifungua kompyuta, wakatazama chini ya meza, wakatuma ujumbe kwenda nchi jirani kuuliza kama wanacho cha ziada. Fundi Shekue aliwaeleza kwamba dawa ni nyepesi: orodha ikisasishwa, Mlinzi atafundishwa kwamba dole gumba la mkunga si kirusi. Wakakubali isasishwe kabla ya sherehe, kwa dharura. Wakamwandikia barua aliyewauzia. Barua ikachapwa na kompyuta kuu, ikaenda, na baada ya siku kumi majibu yakaja: "Hongereni sana kwa choo."

Siku ile Fundi alimvuta Bwana Ngwali pembeni ya kabati. "Bwana mkubwa, nisikilize. Kirusi chenyewe nakijua kilipo. Kiko kwenye ile flashi. Kila asubuhi tunakichomeka wenyewe, tena tumesimama wima. Mlinzi hakitazami kwa sababu tumemkataza. Huyu mama hana kosa lolote."

Bwana Ngwali akaangalia mlango. "Fundi, una watoto?"

"Wawili."

"Wanasoma?"

"Wanasoma."

"Je, ungependa waendelee?"

Fundi akarudisha bisibisi mfukoni. Usimcheke, mjukuu wangu. Nawe ukiwa na wawili utaona.

Ikaja Alhamisi ya saba. Tangu asubuhi Bi Kazija alikuwa dirishani, na uani hapakuwa na mtu. Nguo hazikuanikwa. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi na kuku wanaingia na kutoka kama wageni wa harusi. Mara akamwona Bi Mosi anakimbia na beseni, kanga imemdondoka begani na haiokoti.

"Koplo!" akaita. "Koplo Machano! Kwangu kuna jambo."

"Naona, bibi."

"Basi nifungulie."

"Naona, bibi, lakini sina ruhusa ya kuona."

Akaanza kupiga nondo kwa kiganja. Maalim Ubwa akaja akasimama naye, akapiga na yeye, na wengine wakaamka mikekani wakapiga, mpaka ghala zima likawa linalia kama debe. Mlango ukafunguka. Bi Kazija akadhani wamemsikia. Kumbe kamati imemwita. Walikuwa wameamua, baada ya kukosa kitufe cha tatu, kumlinganisha mtu na faili lake, kwa macho, waone wanavyofanana.

Wakamsimamisha kando ya skrini. Wajumbe walivaa glavu na barakoa, na mmoja alikuwa na rula.

"Faili ni jembamba zaidi," akasema mwenye rula.

"Faili halilii," akasema mwingine, akaandika.

"Baba zangu," akasema Bi Kazija, "mwanangu anazaa. Ni hapo, nyuma ya ukuta. Mkinyamaza mtamsikia. Nipeni saa moja, nikamtoe mtoto, kisha nitarudi kwa miguu yangu mnipime mpendavyo."

Mjumbe mwenye kalamu akaandika: anaomba saa moja. Na simu ya Mkurugenzi ikaita, kwa sababu ilikuwa imetimia saa nne.

"Bi Kazija!" Haikuwa sauti ya Shani, ilikuwa ya Bi Mosi. "Bi Kazija, kichwa kimetoka, lakini kitovu kimemzunguka shingo! Nifanyeje?"

Bwana Ngwali alitaka kusema jambo kuhusu utaratibu. Bi Kazija hakumtazama. Sauti yake ikashuka, ikawa ile ya kazini. "Tia kidole chini ya kitovu, kilegeze, kipitishe juu ya kichwa. Polepole. Usivute. Shani asisukume sasa, ahemeheme tu kama mbwa juani. Umekipitisha?"

"Bado... bado... Nimekipitisha!"

"Haya, Shani, mwanangu, sukuma sasa. Sukuma kama unayemwona mama yako."

Mwenye rula aliishusha rula. Mjumbe aliyekuwa akiandika alikaza taya, uso umemwiva, akisukuma pamoja nao bila kujua. Kisha ndani ya ile simu kikatoka kilio chembamba, cha hasira, na watu wazima sita waliovaa barakoa wakapiga makofi kama watoto.

"Wa kike!" Bi Mosi akapiga kelele. "Wa kike, mzima!"

"Mweke kifuani, aanze kunyonya," akasema Bi Kazija. Hakucheka. "Kondo limetoka?"

"Limetoka."

"Zima?"

"Sijui, bibi. Limetoka tu."

"Damu?"

Bi Mosi akakawia. "Ipo."

"Nguo ya ngapi hiyo?"

"Ya tatu. Inalowa hii ya tatu, bibi."

"Kanda tumbo chini ya kitovu, kwa nguvu. Limekaza au laini?"

"Laini. Kama unga uliotiwa maji mengi. Mikono yangu haiwezi, Bi Kazija. Tumeita gari la hospitali, na dereva amefika, yuko hapo nje, lakini karatasi yake imeandikwa 'Ndugu wananchi,' anasema bila karatasi halali hampakii mtu."

Bi Kazija akageuka akaitazama kamati. Mmoja alikuwa akitazama dari. Mmoja alikuwa akiisoma kanuni ukutani kana kwamba imebandikwa leo. Fundi Shekue alikuwa amesimama nyuma ya kiti, machozi yanamtiririka, mikono nyuma. Na mlangoni alisimama Koplo Machano na bunduki yake.

"Ni hapo tu," akasema Bi Kazija. "Mikono hii hapa. Hatua mia moja."

"Mama." Sauti ikatoka kwenye simu, nyembamba, mbali kuliko ukuta. Ilikuwa ya Shani. "Mama, unakuja?"

Jibu halikuwa la Bi Kazija. Akamtazama yule aliyeshika simu. "Bwana Ngwali. Mwanangu anauliza."

Bwana Ngwali akashusha barakoa, akalainisha midomo. "Swali zu..." akaanza, na sauti ikamkatika. Miaka ishirini na tisa, maneno yote yale mazuri, na leo hakupata hata moja la kuvuka nalo. Akaisoma kanuni ukutani. Akalitazama ghala kupitia dirisha la chumba, dirisha lake la nondo, na uso wa Maalim Ubwa pale pale ulipokuwa wa Bi Kazija. Akatazama skrini, swali limekaa pale wiki saba, halijachoka.

"Mama?"

Akavua glavu kwa meno, kwa kuwa mkono wa pili ulikuwa na simu. Akanyoosha dole gumba, akalibandika kwenye kitufe. Kompyuta ikalia mara moja, ti. Mjumbe mmoja akaruka nyuma kama aliyeona nyoka. Koplo Machano aliitazama kanuni, akamtazama Mkurugenzi, kisha akasogea kando ya mlango upesi kuliko alivyowahi kufanya lolote. Bi Kazija hakungoja, alikuwa ameshapita, viatu vyake vimebaki kando ya skrini na kanga yake inapepea kwenye ngazi.

"Mama, unakuja?"

Bwana Ngwali bin Ameir, Mkurugenzi wa Majibu, akaisogeza simu mdomoni kwa mikono miwili.

"Ndiyo," akasema. "Anakuja."